Manyoya Meupe Juu ya Joho Langu

Ruiru, Jumatano. Baridi ya Julai, na manyunyu tangu alfajiri.

Kuna jambo nimelificha tangu Jumapili, ndani ya bahasha ya sadaka. Si fedha. Ni manyoya ya mbwa.

Nikisubiri nipate nguvu za kulisema kwa mdomo, nitachelewa. Mapafu yangu yamechoka. Daktari hazungumzi tena juu ya kupona, anazungumza juu ya kunifanya nistarehe. Kwa hiyo naandika hapa kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, ambapo mke wangu, Mama Njoki, husoma kila asubuhi baada ya chai, miwani ikiwa imeshuka puani na simu ameishika mbali kana kwamba itamuuma.

Wengi wenu mnaosoma niliwafundisha biolojia. Mtanicheka, na mna haki.

Ni hivi. Mama Njoki anataka mbwa wa kukaa naye ndani ya nyumba. Wa ulinzi tunaye, Simba, ambaye hulala kwenye kibanda karibu na mlango wa jikoni na hajawahi kukanyaga sebuleni. Sisi tumekua tukijua mbwa ni wa nje. Sasa anataka wa kukaa kwenye kochi. Hakusema kwa nini, wala sikumuuliza. Anajua nyumba hii itakuwa kimya hivi karibuni.

Daktari wa mapafu alikubali kwa sharti moja: awe mbwa asiyemwaga manyoya. Hapo ndipo alipoingia Gitau.

Gitau ni daktari wa mifugo mstaafu anayeishi Thika. Amenizidi miaka miwili na bado anaendesha gari mwenyewe. Hubeba gunia la chakula cha mbwa begani. Humwita mke wangu Wangeci, kwa jina lake, kwa kuwa walisoma pamoja shule ya msingi. Mimi nimemwita Mama Njoki tangu binti yetu azaliwe, na sikumbuki mara ya mwisho nilipotamka Wangeci. Akiitwa hivyo hugeuka haraka, kama msichana.

Walikaa mezani wakichagua aina ya mbwa, nami kwenye kiti changu na mrija wa oksijeni puani, nikisikiliza. Gitau alieleza vizuri, na hilo liliniudhi zaidi. Hakuna mbwa asiyemwaga kabisa, alisema. Kuna wanaomwaga kidogo. Maltese ana manyoya marefu, utachoka kumchana. Schnauzer ni mzuri, ila anabweka, na Mwalimu anahitaji usingizi. Poodle manyoya yake yamejisokota, yanayong'oka hunaswa humo humo, kwa hiyo achanwe kila siku na anyolewe kila baada ya wiki sita. "Na usinunue wale wanaouzwa kando ya barabara, Wangeci. Leo utaambiwa ni Poodle, baada ya miezi mitatu una Simba wawili."

Mama Njoki alicheka mpaka akashika ubavu.

Sijamchekesha hivyo tangu mashine hii iingie nyumbani.

Mpwa wa Gitau anahamia ng'ambo na alikuwa na Poodle mweupe, jina lake Pamba. Gitau alimleta Jumatatu ya wiki jana tumjaribu. Kipimo kilikuwa rahisi: tandika kitambaa cheusi anapolala, mwisho wa wiki uangalie. Katika nyumba nzima hakukuwa na kitambaa cheusi kikubwa isipokuwa joho langu la mahafali.

"Mama Njoki, hiyo ni digrii yangu!"

"Ilikuwa inaliwa na nondo kabatini, Baba Njoki. Wacha ifanye kazi."

Pamba aliilalia digrii yangu kwa siku sita. Joho likabaki jeusi tititi. Kila jioni Mama Njoki alimchana huku akimwimbia zile nyimbo za Kikuyu alizomwimbia Njoki akiwa mchanga. Alhamisi alinikamata nikiwatazama.

"Haiya! Mzee mzima unamwonea mbwa wivu?"

Nilikohoa ili nisijibu. Kilikuwa kikohozi cha uongo. Akamwacha mbwa, akaja kunisugua mgongo, na hapo nikaona njia.

Lakini sikumwonea wivu mbwa peke yake. Niliziona jioni zijazo: yeye kwenye kochi, Pamba mapajani, na Gitau akija kila wiki sita na mashine yake ya kunyolea, akikaa kwenye kiti changu kwa kuwa hakina mwenyewe. Nilimwona mke wangu akicheka. Nilitaka alie, na alie muda mrefu. Naliandika hilo bila kujitetea.

Jumapili Mama Njoki alipokwenda kanisani nilivua mrija, nikachukua fimbo na kitana changu cha zamani, nikaenda hadi kwa Simba. Ni hatua kumi na nne. Nilipumzika mara mbili. Simba ana kifua cheupe. Nilimchana hapo. Alishangaa, maskini, hajawahi kuguswa namna ile, akanilamba mkono. Manyoya nikayatia kwenye bahasha ya sadaka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mfukoni, nikarudi na kuyanyunyiza juu ya joho. Yaliyobaki nikayaficha.

Gitau alifika mchana kusikia matokeo. Mama Njoki ndiye aliyeona kwanza. Hakulalamika. Aliokota unywele mmoja mmoja, akauweka kiganjani, kisha akasema, "Basi. Pumzi yako kwanza, Baba Njoki." Akaingia jikoni kuosha vikombe. Vikombe vilikuwa vitatu, na maji yalitiririka muda mrefu sana.

Gitau akachukua unywele mmoja, akauviringisha kati ya vidole. Mfupi, mgumu, umenyooka kama sindano. Mwanafunzi wa kidato cha pili angejua haukutoka kwa Poodle. Akanitazama. Nilisubiri aniumbue, nilitaka aniumbue, nipate sababu nzuri ya kumchukia. Akaupuliza chini ya meza.

"Ni kweli amemwaga, Wangeci," akasema akielekea jikoni. "Wacha nimrudishe."

Tangu siku hiyo namwonea wivu kwa jambo jingine pia.

Kuna familia ya Juja inayokuja kumchukua Pamba Jumamosi. Leo asubuhi Mama Njoki amefua joho, akalipiga pasi, akalirudisha kabatini ndani ya mfuko wa nailoni. Kitana cha Pamba kimebaki dirishani. Labda amekisahau. Amekipangusa vumbi mara mbili leo, kwa hiyo hajakisahau.

Wangeci, ukifika hapa, usinijie kwanza. Mpigie Gitau, umwambie asimtoe mbwa. Bahasha iko ndani ya kamusi kubwa, kwenye herufi M. Ufungue ulinganishe mwenyewe na manyoya ya Simba. Kisha njoo uniseme utakavyo, nitanyamaza. Na Gitau akija kumnyoa, mkaribishe kwenye kiti changu. Ndicho pekee kinachopata jua la asubuhi.

Limebaki moja, nililoogopa kulisema kuliko la bahasha.

Kila alasiri ulipokuwa nje ukipalilia sukuma wiki, Pamba alipanda mapajani pangu akalala. Nilikuwa nikimshusha nikisikia kandambili zako mlangoni. Siku zote sita, akiwa hapo mapajani, sikukohoa hata mara moja.