Mashine Niliyoifundisha Adabu

Mwalimu wangu,

Mwadila. Najua hutaniitikia, na hilo ndilo linalonitoa jasho kabla hata sijaanza kuandika. Wewe ndiye uliyenizoesha kwamba mtu haendelei na safari mpaka salamu yake ijibiwe, na sasa nakuamkia halafu naendelea tu kama mtu asiyefundwa.

Nipo kwenye chumba chako cha kufundishia, nimekaa kwenye kiti chako kile kinachoyumba. Ni Jumapili mchana, nimetoka kanisani. Kesho asubuhi Daktari anataka niwashe tena ile programu ya wodi na maabara hospitalini kwake. Nimemjibu, "Sawa, Daktari." Unanijua, kingine sijui kusema. Lakini naogopa, Mwalimu. Jua la Bariadi linawaka huko nje kama tumelikosea. Kuna neno nataka ulisikie wewe kwanza, maana ndiwe pekee nisiyehitaji kumweleza moja hasi ni nini.

Ngoja nikupe habari za hapa, nipumue kidogo. Ile kompyuta uliyoichukua ushirika wa pamba ulipowapunguza kazi ipo, Mama Kulwa amekataa kuiuza. Alikuja mtu wa mjini akasema atainunua kama chuma, mkeo akamtolea mwiko. Wanunuzi wa pamba wameongezeka tena. Ukienda Kasoli kila mmoja ana kibanda chake na mizani yake, na malori yanafukuzana barabarani utadhani pamba itakimbia. Wanafunzi wako tumebaki wanne. Mwanao Doto ameanza kuvaa saa yako, inamzunguka mkononi mpaka karibu na kiwiko, na akiulizwa saa ngapi anaangalia jua.

Kitabu chako cha kuandika programu kwa lugha ya C kiko hapa mezani, ile fotokopi iliyokosa jalada. Ukurasa wa t_open bado una duara la kikombe chako cha chai.

Unakumbuka siku ya kwanza ya t_open? Nilikuwa nimetoka Ngulyati kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Ukaniambia programu haiwezi kuzungumza na mashine nyingine mpaka iombe mlango. Unaita t_open, unaitajia kifaa, /dev/tcp, unasema unataka kusoma na kuandika. Mashine ikikubali inakupa namba, kuanzia sifuri kwenda juu, na hiyo namba ndiyo mlango wako, utaishika mpaka mwisho wa mazungumzo. Ikikataa inakupa moja hasi. Nikaandika mstari wangu, nikarukia mstari wa kuunganisha. Ukaweka kidole juu ya kioo.

"Minza, umeitikiwa?"

Sikuelewa. Ukaniuliza nikimwamkia bibi yangu kule Ngulyati, huwa napiga magoti halafu nanyanyuka kabla hajajibu? Nikacheka, nikasema hapana, nasubiri, hata akikaa kimya anatafuna karanga zake, nasubiri. Ukasema basi na hapa subiri. Moja hasi ni jibu pia, ukasema, na ukiambiwa hapana ujue umeambiwa. Tangu siku hiyo kila nikiandika mstari unapita nyuma yangu: umeitikiwa? Wenzangu wakanipa jina hilohilo. Nilikuwa nachukia. Leo ningetoa chochote nilisikie.

Serikali iliporuhusu hospitali za watu binafsi na Daktari akafungua yake, akanunua zile kompyuta mbili zilizotumika, ungeweza kuichukua kazi hiyo mwenyewe. Ulikuwa unahitaji kazi kuliko mimi. Ukanisukuma mbele: "Hii ni yako, ng'wanone." Mwanao. Hukuwa unanipa neno hilo ovyo, na mimi nikalibeba mpaka nyumbani nikamsimulia mama.

Programu ilifanya kazi vizuri. Nesi anaandika jina la mgonjwa na kipimo au damu anayotaka, anabonyeza, ombi linatokea kwenye kioo cha maabara ng'ambo ya kiwanja. Ila nilifanya kosa la mtu anayejifunza. Kila ombi lilifungua mlango mpya na mimi sikuwa naufunga. Milango ina mwisho wake. Baada ya siku tatu au nne inakwisha, t_open inarudisha moja hasi, na kioo cha wodini kinaandika kwa herufi kubwa: IMESHINDIKANA. Ningekuja kwako siku hiyohiyo ungelicheka kosa lile na kulimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini Matroni aliniita mbele ya manesi wote. "Hii mashine yako imelelewa wapi? Mtu mzima anaomba kitu, inamjibu imeshindikana, kavu namna hiyo!" Manesi wakaangua kicheko. Mwalimu, nilitamani ardhi inimeze. Nilijisikia kama mwanangu amemtukana mkubwa hadharani. Unajua tulivyolelewa kwetu. Mtoto akitumwa na mkubwa hasemi hapana. Anasema ndiyo mayu, ndiyo mama, hata kama anachotumwa kukileta hakipo, halafu anakwenda kuhangaika nacho huko mbele.

Basi nikaifundisha mashine adabu. Nikakaa nayo mchana mmoja, nikafuta kila mahali palipouliza kama moja hasi imerudi, nikaacha neno moja tu la kumjibu kila mtu, mlango ufunguke usifunguke: IMEPOKELEWA, MAMA.

Matroni alifurahi mpaka akaninunulia soda.

Na nikaponea kwenye umeme. Ulikuwa unakatika karibu kila siku, mashine zinazima, zikiwaka tena milango yote inahesabiwa upya. Hakuna aliyegundua kitu. Hata wewe ulipokuja kuiona kazi yangu ulisimama pale wodini ukasoma yale maneno, ukacheka mpaka ukavua miwani. Halafu ukaniuliza, taratibu, kama kawaida yako: umeitikiwa?

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Macho chini.

Wewe ukadhani ni heshima. Ukanigusa bega ukaondoka na baiskeli yako. Eeh Mungu wangu, ningeinua macho tu.

Wiki uliyogongwa, umeme haukukatika hata mara moja. Watu mjini walikuwa wanashukuru, wenye friji za soda wanaimba. Alhamisi alasiri wakakuleta kutoka njia ya Kasoli, lori la pamba limekupitia ubavuni, na mimi ndiye niliyekaa na Mama Kulwa kwenye benchi la nje. Matroni mwenyewe alikwenda kwenye kompyuta kuomba damu yako. Nilikuwa naiona kupitia mlangoni. Ikamwitikia kwa adabu zote. Akarudi akatuambia, "Imepokelewa, wanaleta." Tukasubiri. Mama Kulwa alikuwa anakunjakunja ncha ya khanga yake. Tukasubiri. Mimi ndani yangu kitu kikaanza kuhesabu siku ambazo umeme haukukatika: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikajua. Nakuapia, pale pale benchini nilijua, na bado nikakaa nikisema labda sivyo, labda inakuja, kwa sababu kusimama kulikuwa ni kusema mbele ya watu. Mpaka nesi mmoja alipochoka kungoja akakimbia kwa miguu, akakuta maabara wametulia, hawana ombi lolote. Damu ilikuwepo kwenye friji. Akaileta mbio ameikumbatia kifuani, na wewe ulikuwa umekwisha kwenda.

Sijui kama ingekuokoa. Daktari anasema uliumia sana ndani. Nimeshikilia maneno yake kama mtu anayezama, lakini hayanishiki.

Sasa sikia lililobaki, hili ndilo linaloninyima usingizi. Wodini kioo kilisema imepokelewa. Kwa hiyo wote wakakubaliana kwamba maabara walilipokea ombi na wakalipuuza. Zamu ilikuwa ya Bwana Shija, yule mpole anayependa kuvaa sweta hata wakati wa joto. Amesimamishwa. Kesho, baada ya mimi kuwasha mashine, Daktari atamwita ofisini amalizane naye. Ndugu zako waliotoka Nassa kuja msibani walisema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba wanaijua njia anayopita kwenda kwake. Nilikuwa nasonga ugali. Sikuacha kusonga.

Jumatano hii nilikuwa sokoni na Mama Kulwa. Shija akatukuta kwenye dagaa, akavua kofia, akamwamkia mkeo kwa heshima yote. Mama Kulwa akamtazama, akageuka, akaendelea kuchagua dagaa. Hakumwitikia. Mwalimu, tangu nizaliwe sijaona mtu mzima anaachwa na salamu yake mdomoni namna ile. Akabaki amesimama na kofia mkononi, watu wanampita, anasubiri. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Moja. Nikashika kikapu.

Usidhani sijaifanyia kazi programu. Nimerudisha kila mstari nilioufuta. Mlango ukifunguka nauangalia, ukitumika naufunga. Jana nimekaa hapa na mashine yako nikaifanyia ubaya makusudi, nikaiacha ifungue bila kufunga mpaka ikaishiwa. Kila nikibonyeza nilijua jibu la hapana linakuja, na bado nililiogopa. Likaja. Moja hasi. Na kioo kikaandika nilichokiandika: HAPANA. OMBI HALIJAFIKA. NENDENI KWA MIGUU SASA HIVI. Nililia Mwalimu, nikacheka pia, kama mwehu. Imekuwa haina adabu hata kidogo. Ungeipenda.

Lakini nikiiwasha kesho na mdomo wangu umefungwa, mashine itakuwa inasema kweli na mimi bado nasema imepokelewa, mama. Hilo ndilo nililoliona jana na ndilo linalonitisha kuliko kioo. Naogopa Matroni. Naogopa jinsi Daktari atakavyoniangalia. Nawaogopa wale ndugu zako, nikiwaza njia ya Ngulyati ilivyo na vichaka. Zaidi ya wote namwogopa mwanamke huyu aliyeko uani sasa hivi, namsikia anapepeta mchele, na kila ungo ukitulia nadhani anakuja. Tangu ufe ananiita mwanangu. Asubuhi ameniwekea uji kwenye bakuli lako.

Kwa hiyo kwaheri, Mwalimu, maana nikiandika zaidi nitakuwa nakutumia wewe kujificha. Nakuahidi mawili. Kesho Daktari atanisikia mimi kabla hajamwita Shija, na karatasi zenye mistari niliyoifuta nimezichapa, nitazibeba asije akadhani namlinda mtu. Na hili la pili silingojei kesho.

Natoka uani sasa. Nitapiga magoti mbele ya Mama Kulwa nimwambie aliyeinyamazisha mashine ni mimi, Shija hakuona ombi lolote. Sitamwambia kwa haraka halafu nikanyanyuka. Nitabaki pale pale kwenye pumba za mchele mpaka anijibu, na akinijibu hapana, nitaisikia yote.

Ungo umetulia.

Minza wako