Tumbo la Mkulima

Shambani, 4 Machi

Mpwa wangu Mchwa,

Salamu nyingi kama majani ya kunde. Mimi ni mzima kuliko jana, na jana nilikuwa mzima kupita kiasi. Hofu yangu ni kwako uliye mbali, unayeshona nguo za watu ukiwa umeinama kutwa.

Umeandika kwamba tumbo linakusumbua. Tumbo la wapi hilo? Wewe niliyekulea kwa mikono hii, uliyekula udongo wa kichuguu mpaka tukakuita Mchwa? Ukoo wetu haujui kuumwa tumbo. Mwaka ule wa ukame nilikunywa maji ya dimbwi pamoja na ng'ombe wa jirani. Ng'ombe wakaharisha wiki nzima. Mimi ndiye niliyewauguza.

Shamba linacheka. Mtama umenipita kichwa, na kunde zimetambaa hadi mlangoni, natoka ndani kwa kuomba njia. Simu usipige, huku bondeni haishiki. Wewe andika tu.

Mjomba wako,
Tumbo la Chuma


Hospitali, 19 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumai hujambo. Mimi nikisema sijambo nitakuwa naongopa. Nimelazwa. Ilianza na jino. Lilivimba, nikapewa dawa kali, jino likapona, tumbo likafunguka na mpaka leo halijafunga. Wakinitibu linatulia, dawa ikiisha linarudi. Sketi niliyojishonea mwaka jana sasa inanizunguka mara moja na nusu.

Daktari amenieleza hivi. Ndani ya utumbo wa kila mtu kuna vijidudu wema, wengi wasiohesabika. Ni kama wapangaji. Wanasaga chakula na kuwafukuza wabaya. Dawa ya jino iliwaua wapangaji wangu, na wabaya wakahamia kwenye nyumba tupu. Tiba iliyobaki ni kunipandikizia vijidudu vya mtu mwenye afya. Wanavitoa, na usicheke mjomba, kwenye choo chake kikubwa.

Waliowajaribu hapa hawakufaa. Wakaniuliza kama nina ndugu anayelima, anayekula alichovuna, asiyemeza dawa ovyo, kwa sababu tumbo la mtu hufanana na maisha yake. Unadhani nilimtaja nani? Nenda kliniki kubwa ya huko wakuchukue kipimo. Ukifaa, utakuja.

Halafu mjomba, mbona barua zako zinanukia vanila?

Mpwa wako,
Mchwa


Shambani, 30 Machi

Mpwa wangu,

Salamu, na pole iliyo kubwa kuliko karatasi hii. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Watu wamewahi kuniomba jembe, dume la mbuzi, hata maneno ya kumtongozea mchumba. Hiki hakuna aliyewahi kuniomba. Lakini kama dunia imefika pa kukihitaji, basi imebisha hodi kwa mwenyewe.

Nimekwenda kliniki leo leo. Nesi akanipa kikopo. Nikamwambia, "Binti, hiki cha ndege." Akasema, "Mzee, kiasi cha kijiko kinatosha, usituhamishe." Akauliza kazi yangu, nikamwambia mkulima. Akaitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Nadhani aliona haya kushika mikono iliyofanya kazi.

Vanila? Ni maua ya kunde hayo. Mwaka huu yamechanua kwa namna yake.

Wewe tandika kitanda tu, wapangaji wanakuja. Wangu wana adabu na hawachagui. Wameshakula kila kitu isipokuwa msumari, na msumari nao waliuonja.

Mjomba wako,
Tumbo la Chuma


Hospitali, 21 Aprili

Shikamoo mjomba,

Habari za siku nyingi. Majibu yako yamefika. Hukufaa.

Daktari aliniuliza, "Mjomba wako anaishi mjini?" Nikasema analima bondeni. Akayasoma tena. Akasema vijidudu vya mkulima havimo. Zilizobaki ni aina chache, za mtu anayeshindia vitu vya kiwandani, unga mweupe na sukari, na anayemeza vidonge kila akikohoa. Nilibisha mpaka pumzi zikanikata. Nikamwambia mmechanganya vikopo.

Alipoondoka nilitoa barua zako chini ya mto, nikazinusa moja moja. Kunde hazinukii hivi, mjomba. Mimi nimekulia ndani ya kunde.

Wakinichoma sindano huwa nafumba macho, nalipita lile shamba tuta kwa tuta, kuanzia mlangoni mpaka kichuguuni. Ndivyo ninavyovumilia. Nakuomba uniambie. Lipo?

Mchwa


2 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Mimi mzima, au ndivyo nilivyokuwa nikidhani.

Hiyo mashine yenu ya kupimia ni mbea. Nimewapiga chenga wazee, mapolisi na marehemu mke wangu, nikaja kuumbuliwa na kijiko kimoja.

Tangu mkaza mjomba wako afariki, ile nyumba ilinishinda. Kuwasha moto wa kujipikia peke yangu nilikuona kama matanga yasiyokwisha. Niko huku kwenye kiwanda cha biskuti, nalinda geti. Zinazovunjika tunagawiwa. Asubuhi nakula biskuti, mchana biskuti, jioni nabadilisha, nakula biskuti na soda. Kikohozi kikija, duka la dawa liko mkabala. Karatasi hizi ni za kufungia pakiti. Simu nilikukataza kwa sababu ungesikia king'ora.

Shamba lipo. Ila halijamwona mtu.

Leo nimerudisha funguo za geti. Bosi akauliza, "Unaacha kazi kwa ajili ya nini?" Nikamwambia tumbo. Akanipa pole. Kesho naingia bondeni. Kama tumbo hufanana na maisha, nitayabadilisha maisha, nalo litafuata, litaenda wapi? Waambie madaktari wanisubiri. Na wewe nisubiri.

Mjomba wako


Hospitali, 26 Mei

Shikamoo mjomba,

Anayeandika ni nesi, mimi nasema tu. Mkono umekuwa mzito.

Sina hasira. Ulipofika kwenye biskuti na soda nilicheka, na nesi naye akacheka, anasema anakusalimia. Wamenijaribu na vijidudu vya mtu mwingine. Vimekaa siku chache vikaondoka.

Usinitumie sifa tena, mjomba. Niandikie shamba lilivyo, hata kama ni nyasi tupu. Nataka nikifumba macho nijue naona nini.

Mpwa wako,
Mchwa


Shambani, 20 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Nina malengelenge viganjani na mgongo unauma. Mengine mazima.

Paa limeanguka upande wa jikoni. Mlango umeliwa na mchwa, wenzako hao, wamebakiza komeo. Toka mlangoni nyasi zinafika kiunoni. Nimesafisha kipande kidogo, upana wa mkeka wa watu sita hivi, na humo nimepanda kunde. Zimeota, ila upande mmoja kuku wa jirani amezidonoa. Mtama hakuna. Kichuguu kipo, kimeongezeka urefu. Nimekaa hapo ninapokuandikia.

Nakula mboga za majani, maharage, viazi na maganda yake. Wiki ya kwanza tumbo lilipiga kelele kama mkutano wa wapangaji na mwenye nyumba. Paka alihama. Sasa limetulia. Vidonge sijagusa.

Nasikia baridi asubuhi huku bondeni. Hilo sikuwahi kukuambia kwa sababu nilikuwa nimelisahau.

Karatasi hii nimenunua dukani. Inuse.

Mjomba wako


Shambani, 9 Agosti

Mchwa,

Salamu za leo sijui nizianze vipi. Nimezoea kukuuliza hali.

Ulikuja na basi la Alhamisi, tukakulaza udongoni upande wa juu, karibu na kichuguu. Yule nesi wako alikusindikiza. Alinikabidhi mfuko wa nguo zako, na humo mna barua zangu zote. Ile ya Juni imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imekatika katikati. Alisema ulikuwa ukimsahihisha akiisoma. Akisoma nyasi zinafika kiunoni, unasema, "Kiuno chake yeye, kwangu zinafika kifuani."

Jana kliniki waliniita. Nilikuwa nimewaachia kipimo kingine, na niliposikia habari zako sikukumbuka kuwaambia wakitupe. Binti yule yule wa kikopo akaitazama mikono yangu, akanivutia kiti. Akasema aina zimeongezeka, hata zile walizozikosa mara ya kwanza. Akasema, "Mzee, sasa unafaa. Tumwandikie daktari wa mgonjwa gani?" Nikalitaja jina lako. Aliandika nusu, akanitazama usoni, akaacha.

Njiani nilikutana na watu wa kiwandani. Nikawaambia nimepimwa, nina tumbo la mkulima. Wakacheka, wakasema, "Tumbo la Chuma na hadithi zake." Majibu yalikuwa mfukoni. Sikuyatoa. Ungekuwepo ungewaambia safari hii ni kweli.

Kunde zimechanua. Asubuhi niliinama nikanusa. Zinanukia majani mabichi, basi. Naweka ua moja humu ndani. Posta sitaenda, nitaileta mwenyewe hapo juu jua likipungua.

Mjomba