Prosesa Tatu Nilizozima

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Ugbad Kerrow Kadar
Umri: miaka 17
Kazi: mwanafunzi, Kidato cha Nne
Makazi: Galbet, Garissa
Mlezi aliyepo: Safiyo, mama yake mdogo

Leo ni Alhamisi, tarehe 10 Julai 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Naahidi kusema yote, hata yale yanayoniaibisha.

Shuleni tuna kompyuta moja kubwa. Ndani yake Mwalimu Vincent Mutiso ametengeneza kompyuta nyingine isiyoshikika kwa mkono, nasi tunaiita mashine pepe. Humo ndimo zilimo kazi za mtihani za watahiniwa thelathini na mmoja, pamoja na yangu. Mashine pepe ina prosesa nne, yaani sehemu zinazoifanyia kazi zake. Ukiwa ndani yake unaweza kuzizima na kuziwasha kwa amri, na yenyewe ikaendelea kufanya kazi. Ile ya kwanza haizimwi. Chumba kikipata joto tunazima nyingine ili kompyuta kubwa ipumue. Sheria ya Mwalimu ni kwamba anayezima aandike ubaoni namba na saa. Mimi ndiye mwanafunzi pekee aliyepewa nywila.

Mnamo Jumanne tarehe 8, saa sita na dakika arobaini mchana, feni ilikuwa imeharibika na kompyuta ilikuwa ikilia. Nilizima prosesa ya pili, ya tatu na ya nne. Adhana ikaanza. Nilikimbilia kutawadha, nikijiambia nitaandika nikirudi. Sikuandika.

Saa nane watahiniwa wote walifungua kazi zao kwa pamoja. Skrini ziliganda. Weris, jirani yangu wa dawati, alisema, "Walahi, hata punda wa maji ana mbio kuliko hii." Tulicheka. Kisha Bi. Gacheri, naibu wa mwalimu mkuu, alijaribu, skrini ikabaki tupu, asione faili hata moja.

"Mutiso amefuta," alisema. "Si jana aliapa ataondoka?"

Ni kweli Mwalimu aliomba ruhusa kwenda Machakos kumwona mama yake mgonjwa, akanyimwa. Saa hiyo alikuwa stendi ya basi na mkoba wake. Bi. Gacheri aliuliza nani mwingine ameigusa mashine. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilitazama viatu vyangu. Alifunga chumba, akaondoka na ufunguo.

Jana nilisikia kwamba Mwalimu alikamatwa palepale stendi na amelala hapa kituo cha polisi. Alichoomba ni dakika tano tu mbele ya kompyuta, akakataliwa. Nadhani amekwisha kujua ni nani aliyezima. Hajanitaja.

Leo asubuhi Weris aliniambia kuwa Bi. Gacheri ameita fundi. Saa tano kamili fundi huyo ataifuta kompyuta yote aanze upya. Akifuta, ndipo kazi zetu zitapotea kweli, na hakutakuwa na njia ya kuonyesha kwamba Mwalimu hakufanya kitu. Nilimweleza mama mdogo.

"Jana huo ulimi ulikuwa wapi?" aliniuliza. "Nyumbani haunyamazi hata ukila." Lakini alikuwa tayari anavaa viatu.

Koplo Kananu ameniuliza nimejuaje kwamba kazi hazijafutwa. Nimemjibu kwamba kwa babu yangu, Wajir, wanaume wanne huvuta maji kisimani. Watatu wakipumzika, ngamia watapiga kelele, lakini maji hayajaenda popote.

"Kwa hivyo unataka niwarudishe wanaume kazini," amesema.

"Ndiyo, afande. Ni amri tatu tu."

Niliyoyafanya ni hayo, na niliyoyanyamazia ni hayo. Nywila nitairudisha.

Sahihi: Ugbad K. Kadar

Maelezo ya afisa, Koplo Kananu: Nimeyaandika kama alivyoyasema, nikamsomea mbele ya mlezi wake, akayakubali saa nne na dakika tano. Amekataa kuinuka kitini. Ameomba swali hili liandikwe chini ya sahihi yake, na ajibiwe akiwa bado ameketi: Je, afande, mtampeleka Mwalimu shuleni kabla ya saa tano, hata akiwa na pingu, apewe zile dakika tano?