Nilijilaza Kaburini, Sasa Mwenye Nyumba Hanitazami

Bi Somoe, shikamoo. Nakuandikia kutoka Temeke nikiwa na aibu ambayo sijui niiweke wapi, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaniita mjinga, maana mie ni mgeni, natoka Ghana, nimekuja kusomea shahada ya pili Chuo Kikuu, na kwa kuwa utafiti wangu ni juu ya utani wa makabila yenu, mwalimu anayenisimamia aliniambia utani hausomwi bwenini, nenda ukakae na watu, basi nikapanga chumba kwa mzee mmoja Mngoni wa Songea anayefanya kazi bandarini, nitamwita Mzee Kornelio, na mkewe Mama Rosalia, nao wakanipokea kama mtoto wao, tukawa tunakula sahani moja, na kila jioni mzee ananichokoza kwamba ugali wa Kighana ni uji ulioshindikana, nami namjibu kwamba Wangoni walitembea kutoka kusini mpaka huku kwa sababu waliona haya kuuliza njia, na akishacheka hunipiga begani na kusema, "Wewe sasa ni mtani wangu." Neno hilo ndilo lililoniponza.

Mwaka jana alifariki jirani yetu, naye Mngoni, na siku ya mazishi nikamwona Mhehe mmoja aitwaye Romani akiruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akasema hatoki, nyumba hii mpya ni nzuri, marehemu akatafute nyingine, na wafiwa waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, wakambembeleza mpaka akatoka, nami nikaona sijawahi kuona jambo zuri kama lile, maana kwetu msiba usio na kelele ni msiba wa mtu asiye na watu. Nikauliza yule ni nani, nikajibiwa, "Huyo mtani."

Mwezi uliopita akafariki mama mzazi wa Mzee Kornelio, bibi aliyekuwa akiniita mume wake na kunifichia ukoko wa wali, na niliumia kama nimefiwa mie. Makaburini nikatazama huku na huku, katekista anasoma sala, watu kimya, mtani hata mmoja haonekani, nikasema moyoni, huyu bibi atazikwa kama mtu asiye na watu, na mtani wao si ndiye mie hapa, basi nikavua viatu, nikaruka, nikajilaza, nikasema kwa sauti, "Sitoki, nyumba hii ni ya mke wangu."

Bi Somoe, hakucheka mtu. Katekista alifunga kitabu. Wanaume wawili walinishika makwapa wakanitoa kama gunia la mkaa, nikakutana na macho ya Mzee Kornelio, nikakimbilia bwenini kwa rafiki yangu, nikakaa huko mpaka matanga yakaisha. Sasa nimerudi, lakini mzee hanitazami, nikimwamkia anaitikia marahaba huku anatazama ukuta, nikiingia anatoka, chakula naletewa mlangoni nakula peke yangu, na huku msimamizi wangu nilipomsimulia alisugua mikono akasema hiyo ni sura nzima ya tasnifu, niandike kila kitu. Je, nihame? Na je, niandike?

Mgeni wa Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nimepanda basi. Sina desturi ya kumfuata aliyeniandikia nyumbani kwake, ila barua yako ilinishinda. Jumapili nilishuka Temeke nikamuuliza muuza ndizi kama anamjua mwanafunzi mmoja Mghana. "Yule wa kaburini?" akasema, akanielekeza mpaka rangi ya mlango. Kwa hiyo kama ulidhani kuhama kutakuficha, futa wazo hilo.

Hukuwepo. Nilimkuta Mama Rosalia anapepeta mchele, nikajitia natafuta chumba.

"Vimejaa," akasema. "Labda cha Mghana wetu, maana naona anataka kutukimbia."

"Kwani mmemkosea nini?"

"Sie? Katukosea yeye."

"Kwa kuingia kaburini?"

Akaweka ungo chini, akajua habari imenifikia. "La kaburi lilikwisha siku ileile. Mtoto wa watu hajui, na mama mkwe alikuwa anampenda. Lakini matangani hakuonekana. Mume wangu kalala nje na wanaume wenzake, kila mtu akiingia uani anainua kichwa, akidhani ni yeye. Tulimtandikia mkeka, tukaukunja mtupu."

"Ndiyo maana mzee hamtazami?"

Hapo akaziba mdomo kwa kanga. "Mzee akimwona tu anakumbuka 'nyumba hii ni ya mke wangu', anashindwa kujizuia. Na mtu kafiwa na mama yake, atachekaje mbele za watu kabla ya arobaini? Juzi kaamkiwa asubuhi, kaenda kuchekea chooni."

Sasa nisikilize. Utani hurithiwa. Umetoka kwenye vita na safari za mababu, hauazimwi kama shati. Mzee aliyeshiba akikuita mtani jioni, hayo ni mapenzi, hajakupa cheo. Na wewe umeacha kwenu kuja kutafiti watu, hukuweza kumgeukia aliyesimama kando yako ukanong'ona, "Samahani, hapa inaruhusiwa?" Umewacheka Wangoni kwa kutouliza njia, kumbe wewe ndiye uliyepotea.

Hata hivyo kosa kubwa ni kukimbia. Aliyekosea msibani hubaki msibani, akabeba maji.

Kuhusu tasnifu, msimamizi wako hakufiwa. Usiandike neno mpaka Mzee Kornelio mwenyewe akuruhusu. Akikataa, tafuta sura nyingine, makabila yapo tele.

Usihame. Mama Rosalia ameniambia arobaini ni Jumamosi ijayo. Kuanzia leo pasua kuni bila kuombwa, na mapipa ya maji yasikutwe matupu. Kisha mtafute mzee wa Kingoni hapo mtaani akuingize kwa Mzee Kornelio, maana pole iliyochelewa haipelekwi na mtu mmoja. Keti chini. Toa pole, kisha omba radhi kwa kutolala matangani. La kaburi usiliguse. Atalitaja mwenyewe arobaini ikishapita. Atacheka, naye amekizuia kicheko hicho muda mrefu. Na ukiona kimegeuka kilio, usitafute mlango. Kaa naye.

Bi Somoe