Maji ya Ishiara Hayakufaa, Njeru

Njeru,

Sijui kama huko uliko mnapata habari za Embu, kwa hivyo naanza na kazi. Duka letu la kinyozi bado liko palepale. Kwenye kiti chako ananyoa mtu mwingine sasa. Ananyoa vizuri, ila anaongea sana, na wewe unajua mimi na watu wa kuongea asubuhi.

Nimeweka lile tangi. Ndiyo, lile la samaki wa baharini, ambalo ulilihubiri mpaka wateja wakakuuliza kama umebadilisha kanisa. Na nimekukaidi karibu kwa kila kitu. Usinune, hebu nisikilize kwanza.

Wewe ulitaka tangi dogo, likae mezani chini ya kioo, ili mtoto anayenyolewa aangalie samaki asahau kulia. Wazo zuri, sikatai. Lakini yule dada anayeuza vitu hivi Nairobi aliniuliza hiyo meza ina nini kingine. Nikamwambia: nywele, poda na spiriti. Alicheka mpaka akavua miwani. Kwa hivyo tangi liko upande wa benchi la kungojea, lina kifuniko cha kioo, na ni kubwa kuliko ulivyotaka. Dada anasema maji kidogo yakiharibika yanaharibika yote mara moja, lakini maji mengi yanakupa nafasi ya kushtuka.

Kisha filta. Alinionyesha zile ndogo za kuning'inizwa nyuma ya kioo, akanionyesha na nyingine za kuwekwa ndani. Nikamuuliza ni gani itanipa samaki wasiokufa ovyo. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza barabara isiyo na vumbi. Mwishowe nikachagua ile ya tangi la pili, linalofichwa kwenye kabati chini ya lile kubwa. Maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye kitambaa kama soksi, halafu kwenye mtambo wa kutoa povu. Povu hilo linabeba uchafu, na kikombe chake kinajaa kitu kama chai iliyokaa. Ukikinusa utatubu. Pampu inarudisha maji juu yakiwa safi. Nimeweka na betri, kwa sababu stima ya hapa unaijua, na samaki hawangoji stima irudi.

Utauliza kwa nini nilijisumbua hivyo, mimi niliyekuwa nakwambia ununue kuku. Sababu ni Wawira, binti yako.

Moyo wako uliposimama, watu wazima walikaa wakaamua mtoto asiambiwe. Wakampeleka kwa shangazi wa mama yake kule Muthara, wakamwambia baba amekwenda Nairobi kununua mashine. Tulikuzika Ishiara yeye akiwa huko akicheza. Alipoletwa nyumbani ndipo akaambiwa. Mimi sikuulizwa, na ningeulizwa ningepiga kelele. Ulizoea kusema hasira yangu ni ya Kimeru, nipunguze moto. Hii sikuipunguza, na mpaka leo sijaipunguza.

Tangu hapo hamwamini mtu. Akiambiwa chakula kiko tayari, anafunua sufuria kwanza. Mwalimu akisema kesho hakuna shule, anamuuliza mwalimu mwingine. Kitu kimoja tu alikuwa bado anakiamini: kwamba samaki wa baharini watakuja dukani, kwa sababu ulimwambia wewe. Kila Jumamosi mama yake akienda sokoni anamwacha hapa, na yeye haulizi kitu, anaangalia tu ule ukuta mtupu. Ghai, Mungu wangu, Njeru, ukuta huo ulinichosha.

Basi nikafika kwenye maji, na hapo ndipo uliponiacha pabaya.

Uliapa mbele ya watu wote kwamba chumvi ya Nairobi ni wizi. Kwamba maji ya kisima cha kwenu Ishiara, yale yanayokatisha maziwa kwenye chai na ng'ombe wanayagombania, ndiyo bahari yenyewe, Mungu aliwawekea chini ya mawe. Wawira akanikumbusha: "Baba alisema maji ya Ishiara." Nikaenda. Ndugu zako wakajaza mitungi, wakaiombea na baraka, nikairudisha Embu nikiwa kama mtu aliyebeba sadaka.

Yule dada alikuwa amenipa kipimo cha chumvi, kidude chenye mshale unaoinuka. Nikakitumbukiza. Mshale haukusogea hata kwa kuchekesha. Nikampigia simu. Akasema kilichomo kwenye maji ya kwenu ni chumvi ya mawe, na bahari ina mchanganyiko wake. Samaki hatamaliza hata juma.

Mama Wawira aliniambia, "Kirimi, tumia mengine, mwambie tu ni ya Ishiara. Ni mtoto." Wateja nao wakasema vivyo hivyo, marehemu hasahihishwi. Mitungi ikakaa pale nyuma nikiipita kila siku. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini nikawaza, huo utakuwa uongo mwingine kwa mtoto huyu, na safari hii ni mimi nitakayeusema, tena kwa jina lako.

Jumamosi nikamweka kwenye benchi. Nikachanganya chumvi ya dukani kwenye ndoo moja, nyingine nikajaza ya Ishiara, nikampa kipimo ashike mwenyewe. Akaona mshale ukipanda kwenye ya dukani na kulala kwenye ya Ishiara. Nikamwambia, "Baba yako alikosea."

Mimi nikajiandaa kwa kilio.

Lakini wewe ulimpa jina la mama yako, na kama desturi ya kwenu, hukuwahi kumwita Wawira. Ulimwita Mama. Ukitoka nyumbani ulimwomba ruhusa, "Mama, niende?" naye anakujibu kwa sauti ya mwanamke mzima, nenda lakini usichelewe. Sasa akasimama, akashika kiuno, akatoa sauti ileile.

"Njeru ni mbishi," alisema. "Mimi ndiye mama yake. Mwaga."

Nilicheka, wallahi nilicheka. Halafu nikaenda nyuma tunakoanika taulo nikalia. Kaburini sikulia, unajua, nilikuwa na hasira nyingi mno. Nimekukosa, ndugu yangu. Duka limekuwa kubwa bila wewe.

Yale maji tulipigia deki sakafu, sabuni ikakataa kabisa kutoa povu. Tangi tukalijaza maji safi ya lile duka linalouza maji ya kunywa kwa mitungi, na chumvi ya bahari, na mawe yenye matundu ambayo wale viumbe wadogo wa kusafisha maji wanakaa ndani yake. Tukangoja. Wateja wakaniuliza kama siku hizi nafuga mawe. Wawira ndiye aliyewajibu: maji yanaiva, mtulie. Yule samaki wa bluu uliyemtaka sikumchukua, anahitaji uwanja wa kuogelea na sisi hatuna. Nilichukua wawili wa rangi ya machungwa, wenye mistari myeupe. Wanajifanya wakubwa wa mtaa.

Siku walipoingia, Wawira aliweka pua kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu. Kisha akaniuliza kama watakufa. Nikasema ndiyo, siku moja watakufa. Akauliza, "Utaniambia?" Nikamwambia sitakwambia tu, nitakuita uone mwenyewe kabla sijafanya lolote.

Akanitazama sana. Baadaye akaenda benchini, akafungua mandazi yake, akakaa akilipa tangi mgongo, akala mpaka akamaliza. Hakugeuka hata mara moja kuhakikisha kama bado wako hai.

Nakuacha hapa, Njeru, kuna mteja kitini. Pumzika. Siku samaki wa kwanza atakapokufa, nitamwita Wawira kabla sijamtoa majini. Hiyo ndiyo ahadi niliyo nayo, na nitaishika.

Rafiki yako,
Kirimi