Ugomvi Ndani ya Trela Siku ya Radi

KITUO CHA POLISI HARLOW SPRINGS, ALABAMA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Odessa Pettway. Umri: miaka 47. Kazi: dereva wa basi la shule. Makazi: Cutler Road, nje kidogo ya mji.

Mimi ni mama yake Terrell Pettway, kwotabeki wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, yule anayerusha mpira. Naanza na hilo kwa sababu ndani ya trela hawakulijua.

Leo, Jumamosi tarehe 19 Oktoba, mechi ilisimamishwa kwa sababu ya radi, tukaamriwa kutoka uwanjani. Nilikuwa nimevua beji yenye picha ya mwanangu, ile wanayovaa wazazi wa wachezaji. Msimu huu ukiivaa, huyu anakukumbatia, yule anakufokea. Nilipita kwenye maegesho, pale watu wanapochoma nyama, nimelowa chapachapa. Mwanamke nisiyemfahamu akafungua mlango wa trela yao, ile nyumba ya kukokotwa na gari, akanishika mkono. "Ingia dada, radi haichagui timu!" Ni Bi Lurleen Tidmore. Ndani walikuwemo mumewe, Bwana Dub, na shemeji yao, Bwana Royce Cagle.

Waliniketisha pembeni kabisa, nyuma ya meza, wakanipa sahani ya mbavu za nguruwe. Bwana Royce, ambaye ni mtu wa mwili, akakaa upande wa kutokea. Nje mvua ilikuwa inapiga kama changarawe. Kutoka nisingeweza bila kumwomba asimame.

Mazungumzo yao yalikuwa juu ya mwanangu tu.

Bwana Dub alisema, "Mkono ule ni bunduki. Na miguu anayo."

Bwana Royce akajibu, "Bunduki gani inapiga upande mmoja? Kushoto hatupi. Jumamosi iliyopita yule kijana wetu wa kudaka alisimama kule peke yake, hana wa kumkaba, angeweza hata kukunja nguo akisubiri mpira."

"Kocha ndiye anamkataza."

"Kocha hana wazimu! Mtoto anashikilia mpira kama kaambiwa amlelee mtu. Mwoga huyo. Tangu alipogongwa siku ile hataki hata kutazama kule."

Bi Lurleen alisema, "Mwoga? Mwaka jana alicheza na kidole kimevunjika." Kisha akanigeukia. "Wewe dada, unamwonaje?"

Nilisema mimi mpira siujui. Nikachukua kipande kingine cha nyama. Nilikuwa nakula chakula chao na kumkana mwanangu, na nilijisikia vibaya sana.

Redio ikatangaza kwamba mechi itaendelea kesho Jumapili saa tano asubuhi. Bwana Royce akapiga makofi. "Safi! Kesho wamgonge vizuri upande huo asioutazama, atoke kwa machela, tumwone yule wa akiba, wa mwaka wa kwanza."

Bwana Dub akasema, "Ndani ya trela yangu humwombei mtoto wetu mabaya."

"Mtoto wetu! Umemzaa lini?"

Bwana Royce aliinuka akamsukuma kifuani. Bwana Dub akakamata kiti cha kukunja akampiga nacho usoni, mara moja. Aliyesukuma kwanza ni Royce, aliyepiga ni Dub. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Bwana Royce alianguka juu ya meza yangu, mkono kwenye jicho la kushoto. Alikuwa akipiga kelele, "Sioni! Lurleen, huku sioni!"

Sajini ameniuliza kwa nini nililia kuliko hata jamaa zake. Nililia kwa sababu maneno hayo nimekwisha kuyasikia jikoni kwangu. Nilichukua taulo nikamfuta. Nyusi ilikuwa imechanika, damu imeingia jichoni. Ilipofutika akaona. Akaniambia, "Asante, dada." Mwanangu nilimwosha jicho wiki tatu zilizopita, usiku wa siku aliyogongwa, na halikuwa na damu.

Tangu siku hiyo Terrell haoni kushoto. Anageuza kichwa chote, ndiyo maana anachelewa kutupa. Daktari wa timu hajui. Aliniapisha: "Mama, nikikaa benchi mara moja, nafasi hairudi." Nikaapa. Nikisema, nimemvunjia kila kitu alichokitafuta tangu utotoni. Nisiposema, kesho saa tano anaingia uwanjani, na wale wa upande wa pili wana macho. Nimezunguka na jambo hili kila siku njia nzima ya basi na sikupata pa kutokea. Mwanangu si mwoga. Naomba liandikwe hivyo hivyo.

Nimesomewa niliyoyasema na ndivyo yalivyokuwa.

(Sahihi) Odessa Pettway

Kumbukumbu ya afisa: Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliuliza kama aya ya mwisho inaweza kufutwa. Nilimjibu kwamba haihusu shauri la kiti, na kwamba kalamu anayo yeye. Ametia sahihi bila kufuta neno. Kwa ombi lake nimempigia daktari wa timu, naye anakwenda bwenini kwa kijana sasa hivi. Shahidi ameomba kubaki hapa kituoni. Simu yake imeita mezani mara kadhaa, picha ya mwanawe ikitokea. Ameifunika kwa ile beji.

Sajini Harlan Boothe