Chandarua Kimoja na Mama Mkwe

Wamaza, Jumatano, wiki ya tatu tangu nikuache Kasongo.

Mama Zaina, salamu nyingi. Mgongo wangu umechoka kubeba marobota ya vyandarua, lakini sombe ya huku, majani yao ya muhogo, inanisimamisha.

Jana bwana mmoja alipewa chandarua kimoja, kwa sababu siku ya kuandikisha alisema nyumbani wako wawili: yeye na mama mkwe wake. Akatuuliza, "Munataka nilale ndani moja na mama ya bibi yangu?" Watu wakashika matumbo kwa kicheko. Mkubwa wetu akamweleza kwamba kimoja ni cha watu wawili. Tukigawa ovyo, vijiji vya mbele vitakosa, na homa ikishaingia, dawa yake ni ghali kuliko chandarua.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbali, amempa mkwewe mgongo kwa heshima. Akasema, "Muniandike mimi na mbuzi yangu. Huyu alale na mbu."

"Mama, mbuzi haishikwe na malaria," mkubwa wetu akamwambia.

"Basi muhesabu mutoto yangu. Iko Nyangwe anauza samaki, hajakufa. Huyu bwana yake amemusahau."

Wakawa watatu, wakapata viwili. Bwana akakwapata chake, akaondoka mbio.

Sasa nakuomba. Wakija kuandika kwetu kabla sijarudi, mtakuwa wewe na mama yako tu hapo nyumbani, maana Zaina ameolewa. Unihesabu na mimi, nisije nikaishia kulala na mbuzi. Lala salama, chomekea chandarua vizuri. Marobota yanaisha wiki ijayo. Ijumaa hiyo nitalala upande wangu wa kitanda.

Baba Zaina